Nimeuza nyumba Kiembeni, Mombasa, katikati ya vuli, huduma ya ajenti niliyemtumia

Nlipowaambia watu nauza nyumba mwezi wa kumi, wote jibu lao lilikuwa moja, subiri. Subiri Disemba, wabara waje likizo, watu wa ng'ambo warudi kwao, mvua ishakatika, kaskazi imeingia, barabara kavu na nyumba yapendeza. Sikusubiri. Nyumba imepata mtu vuli imepamba moto, na huyo mtu aliitizama mvua ikinyesha, na nataka niandike vile huduma ya ajenti ilivyokuwa manake kabla yake nlipita kwa dalali mwingine miezi mitatu nikajionea mambo.

Jina la ofisi siliweki, sitaki ionekane nimelipwa niwatangazie. Ni ofisi ndogo iko ghorofani upande wa Nyali, watu watatu tu, na aliyenishughulikia ni dada mmoja wa miaka thelathini na kitu hivi. Mimi nawapa nyota 4 kwa 5 na hio moja nlioitoa ntaeleza huko chini.

Nyumba yenyewe ni banglo ya vyumba vitatu, kiwanja futi 50 kwa 100, ukuta wa mawe ya matumbawe, juu mabati, jikoni tu ndio kuna slebu bapa. Tulinunua 2011 kwa 4.1 milioni na tumeishi humo mpaka siku tunatoka. Mbele kuna mti mkubwa wa mkungu tulioukuta mdogo sana. Watoto washatoka wako kwao, mamangu ni mtu mzima yuko Majengo peke yake, na kutoka Kiembeni kila siku kuvuka Nyali Bridge kwenda kumtizama na foleni ile imenichosha, bas tukaamua na mzee wangu tuuze tutafute kitu kidogo Tudor.

Sasa yule dalali wa kwanza. Alikuja kwa kuletwa na jirani, hana ofisi, ana simu mbili. Nlimwambia nataka 9 milioni mkononi, akasema sawa mama wewe tulia. Nkatulia kweli. Baada ya wiki mbili binti yangu ananitumia picha za nyumba yangu kwa simu, mahali pamoja bei ni milioni 10.5, pengine 9.8, pengine 11, manake yeye na madalali wenzake kila mmoja aweka chake juu na mimi mwenye nyumba sijui. Wateja waliokuja walikuwa wametozwa shilingi 1,000 kila mmoja ya kuonyeshwa, mmoja alinambia getini amekasirika akidhani pesa zimekuja kwangu, niliona haya wallahi. Na lililonikata kabisa ni kuwa alitaka kopi ya hati ati kila mteja akiomba ampe. Nlimpa moja, hilo najuta mpaka leo. Jamani kopi ya hati yenu yenye namba ya kiwanja, jina na namba ya kitambulisho si karatasi ya kuzungushwa kwa watsapu, mtu akitaka kuuza kiwanja chako kwa makaratasi bandia hapo ushamrahisishia kazi. Mteja akiwa serious mpe namba ya kiwanja aende afanye sachi mwenyewe kwa ofisi ya ardhi, sachi ndio itamwambia mwenye nyumba ni nani na kama kuna deni la benki ama kizuizi chochote.

Kwa hivyo mwisho wa mwezi wa tisa nkaenda Nyali nikiwa sina imani na mtu. Kitu cha kwanza nliuliza ni cheti. Kisheria ajenti wa nyumba Kenya lazima awe amesajiliwa na Estate Agents Registration Board, sheria yenyewe ni Cap 533, na huyu dada hakununa, alitoa cheti cha mwaka huo huo akanionyesha kabla sijakaa vizuri. Yeye naye swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, mama, ni nyumba na ardhi ama ni nyumba bila ardhi? Hapo nkajua huyu ni mtu wa Mombasa hii. Manake kwetu Majengo pale alipo mamangu nyumba ni yetu lakini ardhi chini ni ya watu, tunalipa kodi ya ardhi kila mwezi, na nyumba za namna hio ziko tele mji huu, ni mambo ya tangu ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 watu wakaandikisha na wengine wakakosa. Nyumba bila ardhi yauzika, lakini huuzi hati, na mnunuzi lazima ajue hilo mapema na mwenye ardhi ahusishwe. Ya Kiembeni ina hati, alhamdulillah.

Akaniuliza kama nimelipa rates za kaunti, ile kodi ya kiwanja ya kila mwaka. Nkasema ndio. Alienda kuulizia akarudi na deni la shilingi 46,000, miaka ya nyuma mzee alikuwa ameruka na faini zimepanda. Bila clearance ya kaunti, yaani karatasi ya kuonyesha huna deni, hakuna transfa, kwa hivyo tukalipa mapema, na hapo nlimshukuru sana kwa sababu yule wa kwanza miezi mitatu hakuuliza hata siku moja, mngefika kwa wakili ndipo mngeanza kutafutana.

Mkataba wake ulikuwa wa kuandikwa, miezi mitatu, yeye peke yake ndiye auze, kamisheni asilimia 3, nusu tukitia sahihi agrimenti ya mauzo na nusu pesa zikikamilika. Hakuna kuweka juu, bei ni moja, na mteja haombwi pesa ya kutizama nyumba.

Sasa tuje kwa hii vuli manake ndio nlitaka kusema hasa. Mimi mwenyewe nlimuuliza, hatungojei Disemba? Akanambia mama, Disemba watu wanaotizama nyumba Mombasa ni wengi lakini wengi wao wako likizo, leo yuwatizama nyumba kesho yuko baharini Pirates, halafu yaja Januari, karo za shule, kila mtu hana kitu, simu hazishikwi mpaka Machi. Anayetoka nyumbani kwake Oktoba na mvua kuja kutizama nyumba ana haja na nyumba. Nlikaa nikafikiria nikaona ana maneno.

Na wakati huo huo nlikuwa nazungumza na dadangu aliye Uingereza, yeye aliuza flati yake huko msimu kama huo, kwao ni majira ya majani kupukutika, Septemba mpaka Novemba, na wao pia huambiwa wasubiri majira ya kuchipua maua yawe bustanini. Alichofanya yeye alifagia majani kila siku, akasafisha gata, akawasha taa zote nyumba nzima kabla mteja hajafika manake Jumapili ya mwisho ya Oktoba wao hurudisha saa nyuma na giza laingia mapema mno. Sisi huku jua ni karibu lile lile, mwezi wowote kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni lishazama, lakini majani nkacheka nkamwambia kwani mkungu wetu si ndio huo huo, majani yageuka mekundu yote halafu yashuka kwa mara moja juu ya mabati na gata zote zaziba. Akasema bas anza na gata.

Na kweli tulianza na gata. Ajenti alikuja na fundi, wakapanda juu, gata ya upande wa mkungu ilikuwa imejaa mpaka kumeota mche. Maji yalikuwa yakizidi yamwagika ukutani na ule ukuta wa chumba cha watoto kwa chini ndio umekula chumvi, rangi imefura na plasta yabanduka unga unga, mnaoishi hapa pwani mnaijua hio. Mimi mpango wangu ulikuwa nipake rangi nzuri juu, nyumba ing'are, tupige picha. Yule dada akakataa katakata. Akanambia tukipaka leo mvua mbili tatu zikinyesha itafura tena, na mteja wa kweli haji mara moja, yuwaja mara ya pili na fundi wake, akiona rangi mpya imefura chumba kimoja tu atajua tunaficha na hataamini hata tulichosema kweli. Nlichukia kidogo siku hio manake ni pesa, lakini tulifanya vile alivyosema, fundi akachonga plasta yote mpaka kwenye jiwe futi nne kutoka chini, akaacha ukuta upumue siku kadhaa, akapiga plasta mpya ya saruji iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, na slebu ya jikoni ikapakwa ile lami yake pale kwenye ufa. Pamoja na gata mpya upande mmoja ikatoka 68,000. Na kabla mvua hazijashika akatwambia tuite ekzosta, lile gari la kunyonya maji machafu, tuvute shimo la choo, kwa sababu vuli maji ya chini yapanda na shimo likiwa nusu tu lajaa, na harufu ikitoka siku mtu yuwaja hakuna udi utakaoifunika.

Na kwa habari ya udi, hili nlikuwa silijui. Mimi mgeni akija kwangu lazima nifukize, ni desturi. Akanambia mama fukiza asubuhi mapema kidogo tu halafu fungua madirisha, mtu akiingia nyumba siku ya mvua akute moshi wa udi mzito atafikiria wafunika harufu ya unyevu. Nkasikia uchungu kidogo lakini kweli, mimi mwenyewe nikienda kutizama nyumba ya mtu ningeshuku.

Picha zilikuwa mbaya mara ya kwanza. Mpiga picha wao alikuja siku ya mawingu saa kumi jioni, sebule ikatoka kama ghala. Nlikataa nkamwambia sitaki zitoke hizo, wakanizungusha wiki nzima ndio akarudi asubuhi moja kuna jua kati ya mvua na mvua, mapazia yamefunguliwa, zikatoka nzuri. Wiki nzima msimu ambao siku za jua ni za kuhesabu ni nyingi, hapo walizembea.

Wateja walikuja saba kwa muda wa wiki nne. Saa alipanga vizuri kwa kawaida, hakuleta mtu asubuhi ya foleni wala jioni, manake anayetoka Changamwe ama Miritini avuke Makupa halafu Nyali Bridge na mvua atafika kwako tayari amechukia nyumba yenyewe. Saa tatu saa nne asubuhi, ama Jumapili. Isipokuwa siku moja alileta watu watano Ijumaa saa saba mchana, mzee yuko msikitini, mimi niko kwenye mswala, nasikia geti lagongwa, simu hakupiga. Mtu wa Mombasa kufanya hivyo sikumtarajia na nlimwambia wazi. Aliomba radhi, akasema kijana wa ofisini ndiye alipanga, na haikutokea tena, lakini ile Ijumaa ni nusu ya nyota nlioitoa.

Aliyenunua ni baharia. Mkewe ni mwalimu, wanaishi nyumba ya kukodi Changamwe, yeye yuko kwenye meli miezi mingi na likizo yake ilianguka Novemba, ukimwambia angoje Disemba yuko maji makuu. Walikuja mara ya kwanza Jumamosi kuna mvua ile ya vuli ya kweli, yateremka kama imefunguliwa bomba, barabara yetu ya ndani yote matope na maji. Nlipiga simu nkamwambia yule dada tuahirishe. Akanambia mama tafadhali usiahirishe, hii ndio siku yenyewe. Wakafika na miavuli, viatu wakaviacha barazani, na yule baba hakutizama taili wala makabati, aliingia kila chumba akatizama juu kwenye dari, akapapasa kuta kwa mkono, akaenda kusimama nyuma ya nyumba kwenye mvua kutizama maji yaelekea wapi. Ajenti wala hakuongea mengi. Alipofika kile chumba akamwambia mwenyewe, hapa palikuwa na chumvi, tumetoa plasta tukaweka mpya mwezi uliopita, risiti za fundi ziko, guza. Akaguza, pakavu. Nlikuwa nimesimama mlangoni roho yanipiga. Mkewe akaniuliza kama maji huingia uani, nkamwambia ukweli, hata ile mvua kubwa ya Novemba 2023 iliyofurisha mji huu maji yalifika kwenye kidaraja cha geti, ndani hayakuingia, lakini barabarani hupiti kwa gari ndogo siku hio. Sikuficha. Wakarudi baada ya siku nne na fundi wao, mvua iko vile vile, na siku hio hio wakatoa bei.

Tulianza 9.2, wao 8 kamili, tukakutana 8.6. Na hapa tena ajenti alinisaidia, hakunisukuma nikubali haraka, alinionyesha banglo mbili za karibu zilivyouzwa kwa bei gani hasa, akaniachia niamue na mzee.

Baada ya hapo ni mawakili. Kila upande na wakili wake, na wakili wangu nlimtizama kwanza kwa tovuti ya LSK, chama cha mawakili, kama ana leseni ya mwaka huo, fanyeni hivyo ni bure. Dipoziti asilimia 10, yaani 860,000, ikakaa kwa wakili si kwangu wala kwa ajenti, na siku 90 za kukamilisha kwa sababu mkewe alikuwa anachukua sehemu ya pesa kwa sacco ya walimu. Mzee naye ilibidi atie sahihi ya ridhaa kama mume, hati iko kwa jina langu lakini nyumba ya ndoa huwezi kuuza mwenzio hajakubali kwa maandishi. Stamp duty ya mjini ni asilimia 4 na hio ni juu ya mnunuzi, kwao ilikuwa 344,000, kwa hivyo ukipatana bei jua mwenzio ana mzigo huo pembeni.

Ile ya KRA, watu wa kodi wa serikali, ndio ilikuwa yaninyima usingizi. Watu walishanitisha, capital gains tax, kodi ya faida unayopata ukiuza mali, imepanda toka Januari 2023 kutoka asilimia 5 mpaka 15 ya faida, nkipiga hesabu naona ni laki kadhaa zaenda. Ajenti ndiye wa kwanza kuniuliza, mama mmeishi humo nyinyi wenyewe? Nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo miaka mitatu kabla ya kuuza ina msamaha wa hio kodi. Wakili akahakikisha, tukatoa bili za stima na maji za miaka hio, akashughulikia huko iTax, tovuti ya KRA. Ningekuwa nimepangisha nyumba ningelipa. Kwa hilo peke yake mimi naona kamisheni yake ilikuwa halali yake.

Ila kamisheni yenyewe sasa. Asilimia 3 ya 8.6 milioni ni 258,000, hio nlikuwa nayo kichwani. Invoisi ilivyokuja ikawa 299,280. Kumbe kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 juu, 41,280, na kwenye mkataba wetu neno VAT halikuwepo popote, nlisoma na miwani nkampa na binti yangu akasoma. Kodi ni ya serikali sikatai, lakini mtu yuwatakiwa aambiwe siku ya kwanza, si siku ya kulipa. Tulivutana wiki mbili, hapo yule dada akawa mgumu wa kushika simu kwa mara ya kwanza, nkaenda mwenyewe ofisini nkakaa. Mwisho bosi wao akakubali wao wabebe nusu na mimi nusu, nkalipa 20,640 na nkapewa risiti ya eTIMS, ile ya mtandao inayotambuliwa na KRA. Hio ndio nusu nyengine ya nyota. Ukienda kwa ajenti yeyote muulize hilo kabla ya kuketi, asilimia 3 ni pamoja na VAT ama bila.

Tulikabidhi funguo mwisho wa mwezi wa pili, jua kali, kaskazi yavuma, nyumba kavu kila mahali. Baharia yuko safarini, alikuja mkewe na mamake. Nkawaonyesha tangi, swichi ya pampu, mfuniko wa shimo la choo. Mama mtu akautizama mkungu akasema huu mti tutaukata, wachafua uwa. Nkamwomba asiukate, nkamwambia yule mke wa baharia atafute kijana mwezi wa tisa kabla mvua, apande juu azoe majani kwenye gata ya upande huu, mara moja tu kwa mwaka yatosha. Juzi masika imeshika amenitumia picha ya kile chumba, ukuta uko vile vile, na nyuma dirishani mkungu bado nauona.